Kiboko na Pengo la Mtoni

— Nina ngano mdomoni!
— Iteme tuione!
— Ina meno!
— Tutaishika mkia!

Haya, ishikeni vizuri basi, maana haitulii.

Palikuwa na bonde, na ndani ya bonde wanyama waliishi kwenye ua mkubwa wa miiba. Mbwa mwitu wakaingia msitu wa jirani, wakaanza kuvamia. Wanyama wakaogopa. Ndipo Kiboko alipojitokeza mbele yao, akatunisha kifua, akasema, "Mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Nipeni utawala, nami nitawalinda." Wakampa, naye akateua walinzi.

Lakini usingizi haukurudi. Jani likidondoka, pa! masikio yote juu. Kijiti kikivunjika, kwa! watoto wote chini ya mama zao. Mbwa mwitu walikuja saa yoyote waliyotaka. Hau! Hau! Hau! Wameingia, wamenyakua, wametoka.

Waliingilia wapi? Upande wa mtoni ua ulikuwa na pengo, na kila mtu alilijua.

"Mzee, tuzibe pengo," wanyama wakasema.

"Subirini agizo langu," akasema Kiboko. "Kwanza leteni chakula cha walinzi. Ni vita!"

Wakaleta mahindi. Mbwa mwitu wakaja, hau! hau! hau! wakaondoka na mbuzi.

"Mzee, tuzibe pengo."

"Subirini agizo langu. Leteni mihogo. Ni vita!"

Wakaleta mihogo. Mbwa mwitu wakaja tena. Safari hiyo walimchukua kifaranga wa Kanga, yule wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuchakura. Kanga hakupiga yowe. Alizunguka tu bonde zima, akiita, "Kwee? Kwee?" kama mtu anayeulizia njia.

Sasa, kwenye majabali ya bonde lile aliishi Pimbi. Hana pembe, hana mkia, hana ukubwa wa kumtisha hata panzi. Ana macho na ulimi, basi. Alipomsikia Kanga akiita, akateremka majabalini. Akaenda, pata pata pata, mpaka kwa Ngiri, mkuu wa walinzi. Akamkuta ameegemea mti, mbavu zote zinaonekana.

"Kaka Ngiri, mbona hamkuwafukuza?"

"Kwa nguvu gani, dada? Sijui mara ya mwisho nilitafuna nini."

"Na mahindi yetu?"

"Mahindi gani?"

"Na mihogo?"

"Mihogo gani?"

Pimbi hakungoja zaidi. Pata pata pata, mpaka kwenye bwawa la Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina vita."

"Chakula cha walinzi kiko wapi, mzee?"

Kiboko akafungua kinywa, na unga wa muhogo ukamwagika kwenye ndevu zake. "Anayeuliza maswali wakati wa vita ni mbwa mwitu! Wewe ni mbwa mwitu?"

"Mimi, mzee? Hata mkia sina."

"Basi nyamaza!"

Pimbi akageuka. Akarudi kwake, akakaa, akainuka, akakaa, akainuka. Kila mbwa mwitu wakiingia, chakula kinatoka majumbani. Kila chakula kikitoka majumbani, Kiboko ananenepa. Kumbe pengo lile ndilo jiko lake! Ataliziba vipi?

Akamwendea Kanga, akamnong'oneza shauri lake. Kanga akasikiliza mpaka mwisho.

"Na tukikamatwa?"

"Tutaitwa mbwa mwitu."

"Mimi nimekwisha kuitwa mama asiye na mtoto," akasema Kanga. "Hilo la pili haliniumizi. Nionyeshe boga, nisukume."

Kesho yake alfajiri wakasukuma maboga. Biringi biringi biringi, kupitia pengo, mpaka nje kabisa. Kanga alisukuma huku anageuza shingo nyuma. Pimbi alisukuma huku anachungulia msituni. Digidigi akawaona. Badala ya kupiga kelele, akaenda akaleta boga lake. Sungura naye akaleta lake. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe neno.

Jua lilipopanda, Pimbi akakimbia bwawani.

"Mzee! Mzee! Nje ya pengo kuna lundo la maboga! Niwaite walinzi wayabebe?"

"Walinzi? Weee!" Kiboko akatoka majini, chubwiii! "Mambo ya usalama haya. Nitakwenda mwenyewe. Usimwambie mtu."

"Mdomo wangu umefungwa, mzee."

Kiboko akajipenyeza kwenye pengo, kwaru kwaru. Akatokea nje. Akala. Kwachu kwachu, boga. Kwachu kwachu, boga. Tumbo likavimba, likavimba, likawa ngoma.

Mara msituni: Hau! Hau! Hau!

Kiboko akageuka mbio. Akaingiza kichwa kwenye pengo, kikapita. Akaingiza mabega, yakapita. Akaingiza tumbo, kwama! Kichwa kiko ndani kwa raia, makalio yako nje kwa mbwa mwitu. Na mbwa mwitu hawakuchagua, wakauma palipo karibu.

"Uwiii! Walinzi! Njooni!"

Ngiri akaja, hatua hii, hatua ile, anayumba. "Tumekuja, mzee. Lakini hatuna nguvu ya kukuvuta."

"Kuleni! Kuleni upesi!"

"Tule nini, mzee?" akauliza Pimbi kwa upole.

"Uwiii! Nyuma ya matete! Kuna pango! Mahindi yenu, mihogo yenu, vyote vimo! Uwiii, mkia wangu!"

Bonde zima likasikia. Bonde zima likakimbia. Pango likafunguliwa mchana kweupe, mahindi yakamwagika mpaka magotini. Walinzi wakala, macho yakarudi mahali pake. Wakamshika Kiboko masikio: vuta! vuta! pwaa! Akaingia ndani kama gunia. Walinzi wakatoka kwa pengo lilelile, Ngiri mbele, meno wazi. Mbwa mwitu walizoea walinzi wa kuegemea miti. Kuona hawa wanakimbia, fyuuu! wakatoweka.

Siku ileile pengo likazibwa kwa miiba. Hakuna aliyesubiri agizo.

Kiboko akainuka, akajikung'uta. "Mmeona? Nimeziba pengo kwa mwili wangu mwenyewe! Shujaa ni nani?"

Wengine wakaanza kupiga makofi, mazoea tu. Kanga akasogea mbele, akamtazama usoni.

"Na pengo la mwanangu utaliziba na nini?"

Makofi yakakoma. Kiboko akarudi majini polepole. Utawala hakurudishiwa. Pango likakaa wazi, kila mtu anaona kinachoingia na kinachotoka, na zamu ya kulinda ua ikawa ya kila nyumba, hata ya Pimbi. Mbwa mwitu bado wanasikika mbali msituni. Kanga akisikia, husimama. Siku hizi wote husimama naye.

Basi, wanangu, funzo la ngano hii ni rahisi. Raia mwema haulizi. Chakula cha walinzi kikipotea, yeye humwombea mkubwa afya njema. Akiona pengo, hulipita akiangalia juu. Na maboga, jamani, maboga yaacheni shambani!

Mbona mnacheka? Ngano nimeitua hapa. Asiyeridhika aiamshe mwenyewe.