Gari la Saa Mbili na Kofia Moja

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza zamani gani, maana magari yalikuwapo na stendi zilikuwapo, palikuwa na nchi yenye sheria moja tu ya safari: gari haliondoki mpaka lijae. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Watu waliikuta, wakaiacha kama walivyoikuta. Unafika stendi saa moja asubuhi, gari linaunguruma, dereva kashika usukani, kondakta ananing'inia mlangoni, unasema leo nimewahi. Wapi! Utakaa hapo mpaka miguu ife ganzi.

Tena msidhani ukiliona limejaa ndiyo limejaa. Wapiga debe wa nchi ile walikuwa na watu wao wa kukalia viti. Kazi yao kukaa tu. Wewe unachungulia dirishani, unaona vichwa, unasema hili linaondoka sasa hivi, unapanda. Ukipanda wewe, mmoja wao anashuka. Akipanda mwenzako, mwingine anashuka. Bingwa wa mchezo huo, mkubwa wa wapiga debe wa stendi kuu, alikuwa Chande Koromeo. Ana sauti huyo, jamani! Akiita "Mlimani mmoja, Mlimani mmoja!" hata aliyekuwa anakwenda zake kununua nyanya alijikuta ana safari ya Mlimani.

Basi siku moja mkunga aitwaye Bi Siwema alikuwa anampeleka binti yake kujifungua hospitali ya Mlimani. Gari lilibakiza watu wawili. Wakangoja. Uchungu ukashika. Wakangoja. Mtoto akazaliwa humo humo, kiti cha nyuma, salama salimini, akalia kwa nguvu zake zote. Chande akachungulia, akamwona mtoto, akaigeukia stendi na kupaza sauti: "Haya, sasa bado mmoja!"

Mnacheka nyinyi. Bi Siwema hakucheka. Alimviringisha mjukuu kwenye kanga, akamlaza kifuani kwa mama yake, akawapeleka nyumbani, kisha akaenda moja kwa moja kwa Malkia Mwatano.

"Shikamoo, Malkia."

"Marahaba, Bi Siwema. Mbona umefura?"

"Nataka magari yaondoke kwa saa. Yajae yasijae."

Baraza zima likaguna. Mzee mmoja akasema, "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, baba," akajibu Bi Siwema. "Na matumbo ndiyo kazi yangu."

Malkia akacheka, lakini alikuwa mtu wa masharti. Akasema, "Nakupa gari moja, mshahara wa dereva, na siku thelathini. Litoke stendi kuu saa mbili kamili asubuhi. Likitimiza siku zote, magari ya nchi nzima yatakwenda kwa saa, wapiga debe wataacha kazi, nami nitamvika mtu mmoja kofia ya Msimamizi wa Safari, ale mshahara wa nchi mpaka uzee. Likichelewa hata siku moja, shauri limekufa."

Haya, gari lipo. Dereva yuko wapi? Wote walikataa! Nchi ile kuondoa gari tupu ilikuwa aibu kuliko kusahau suruali nyumbani. Dereva aliyeondoka tupu alisemwa ana nuksi, na wenzake hawali naye. Akajitokeza mmoja tu, Kibwana Mzuzuri, mtu mnene, mpole, asiyependa ugomvi. Akasema, "Nitaliendesha."

Siku ya kwanza, saa mbili kamili, akaondoka. Tupu. Stendi nzima ikamzomea. Siku ya pili, tupu. Siku ya tatu akapanda bibi mmoja na kuku wake. Siku ya nne kuku keshauzwa, bibi kaja peke yake. Wenzake Kibwana wakamhama mezani kwa mama ntilie, akala wali wake akitazamana na ukuta. Jioni mkewe akamwambia, "Baba Zuhura, watu wanasema unasafirisha upepo."

"Na upepo unafika kwa wakati, mama," akajibu, akavua viatu.

Lakini watu si wajinga. Siku ya kumi wakapanda watano. Siku ya kumi na tano, ishirini. Maneno yakaenea: lile likisema saa mbili ni saa mbili. Siku ya ishirini likajaa lenyewe, bila kuitiwa mtu.

Chande akaona riziki yake inayeyuka. Akakusanya watu wake wote wa kukalia viti, akawajaza kwenye gari moja ili lionekane linapendwa. Akawajaza hata pasibaki kiti. Dereva alikuwa mgeni. Akatazama nyuma, akaona limejaa, akang'oa nanga! Njiani kondakta akaanza kuuliza.

"Mama, unashuka wapi?"

"Mimi sishuki. Mimi nakaa tu."

"Na wewe, kaka?"

"Nakaa tu."

Gari zima wanakaa tu! Habari ilirudi stendi kabla ya gari lenyewe, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo Chande alipokasirika kweli.

Siku ya thelathini ikafika. Chande akawaita wapiga debe wenzake, wakaegesha magari matatu langoni, ubavu kwa ubavu, hata baiskeli isipite. Saa mbili kasoro dakika tano. Mtu wa Malkia kasimama na saa mkononi. Kibwana anapiga honi. Bi Siwema kasimama langoni, anaomba, anafoka, hakuna anayemsikiliza. Chande akasogea kwenye gari la saa mbili ili amcheke Kibwana kwa karibu. Akaona dirishani mtandio anaoujua.

"Mama! Unafanya nini humo?"

"Nakwenda kutibiwa macho, mwanangu. Daktari anakuja Mlimani mara moja kwa wiki, na saa sita anaondoka."

"Kwa gari hili? Na mimi nina stendi nzima!"

"Magari yako nayapenda, Chande. Ila kila nikipanda lako, nafika daktari keshaondoka. Jicho moja limekwenda hivyo. Nimebaki na hili."

Chande akalitazama lango alilolifunga. Kisha akageuka, akajaza kifua, akaita kwa sauti iliyowafanya wauza karanga wayaangushe masinia: "Ondoeni magari! Lango wazi!" Wapiga debe wakatii, maana sauti ile walishazoea kuitii. Saa mbili kamili, si kabla, si baada, tairi la mbele likavuka lango.

Stendi ikalipuka kwa vigelegele. Malkia akatimiza neno lake: nchi nzima ikaanza kwenda kwa saa. Siku ya kofia ikafika, na watu watatu wakasimama mbele yake.

Bi Siwema akasema, "Wazo ni langu. Mlikuwa mmekaa wote, na bila mimi mngekuwa mmekaa mpaka leo."

Kibwana akasema, "Wazo halina miguu, Malkia. Siku thelathini nimezomewa mimi. Ningekaa nyumbani siku moja tu, lingekufa."

Chande akasema, "Lango nililifunga mimi, sikatai. Lakini nisingelifungua, siku zao zote thelathini zingekufia pale pale. Nimelifungua mwenyewe, na kwa kulifungua nimejifukuza kazi. Bi Siwema ana ukunga wake. Kibwana ana usukani wake. Mimi kesho asubuhi namwita nani?"

Bi Siwema akaruka. "Ulifungua kwa ajili ya mama yako, si kwa ajili ya nchi!"

"Na wewe ulianza kwa ajili ya mjukuu wako," akajibu Chande.

"Basi mimi," akasema Kibwana, "sikuwa na mama humo wala mjukuu!"

"Ulikuwa na mshahara," wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Malkia akaigeuza kofia mikononi. Akamtazama mama yake Chande, aliyekaa mbele na kitambaa kwenye jicho. "Na wewe, bibi, unasemaje?"

Yule bibi akafikiri kidogo. "Ni mwanangu, nampenda, na siku ile nilijivunia sauti yake. Lakini miaka yote hiyo, Malkia, aliyekuwa ananichelewesha ni nani?"

Malkia akaiweka kofia mapajani, na mimi msinitazame usoni, jibu sina. Mjadiliane wenyewe. Kofia ni moja na vichwa ni vitatu. Je, nani alistahili kuivaa? Na wewe unayesema Chande, utamwambia nini mama yake?