Kibati cha Hadhara

Kilichofungwa kwa kamba usikipigie msumari.

Neno hilo mmelisikia leo asubuhi mkutanoni, nyinyi vijana wa kikundi cha mizinga, pale yule mgeni wa ofisini alipomaliza kuwasomea karatasi yake na Mama Komora akasimama akalisema, akaketi. Wengine mlicheka. Mmoja wenu, simtaji, akauliza mizinga ya nyuki na misumari vimekutana wapi. Swali zuri. Basi kaeni hapa ghalani, pukuchueni mahindi, mikono ikifanya kazi masikio husikia vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za bendera ya Mwingereza, hapa hapa Fumbwani, mto Tana ulihama. Mto wetu una tabia hiyo: hulala kitanda kimoja miaka thelathini, kisha mvua kubwa ikinyesha huko milimani, huamka ukatafuta kitanda kingine. Mwaka ule ulipita katikati ya nyumba na mashamba. Watu walilala migomba yao ikiwa nyuma ya jiko, wakaamka migomba iko ng'ambo, na katikati maji ya rangi ya udongo yanaviringika. Mitumbwi yote ya magogo ilichukuliwa na mafuriko.

Mtasema, si wangekata miti wachonge mingine? Hapo ndipo penye mkono wa mtu. Miaka miwili kabla ya hapo boma lilitangaza kwamba miti mikubwa ya msitu wa mtoni ni mali ya serikali; ukikata mmoja, jela miezi sita. Na mto ulipohama, wiki mbili hazijapita, tangazo la pili likabandikwa mlangoni pa duka: shamba lolote la ng'ambo ambalo halitakuwa limelimwa na kupandwa ifikapo tarehe mosi ya mwezi wa tano litahesabiwa kuwa limetupwa, nalo litapewa mradi wa pamba. Mradi ulikuwa na pantoni yake ya kuvushia watu, na pantoni hiyo haikupakia mtu mwenye jembe. Hakuna aliyenyang'anywa shamba, mmeona? Watu waliambiwa walime, kisha wakanyimwa njia ya kufika.

Kulikuwa na mwanamke mjane, jina lake Hadhara, msukaji wa migono, ile mitego ya samaki ya fito. Shamba lake la ng'ambo alilirithi kwa mama yake, ambaye naye alilirithi kwa mama yake. Kwa siku tatu Hadhara alikaa ukingoni akilitazama kama mtu anayetazama mtoto wake akiwa mikononi mwa mgeni. Siku ya nne alirudi nyumbani, akachukua mgono mkubwa, akaugeuza juu chini, akauzunguka. Mgono hupitisha maji kwa sababu hauna ngozi, aliwaza. Je, ukivishwa?

Akaanza kuusuka mtumbwi uani, nyuma ya jiko. Hakuwa amewahi kuona chombo cha namna hiyo, kwa hiyo hakuwa na kipimo isipokuwa mwili wake. Urefu aliupima kwa mikono iliyonyooshwa, pima mbili na nusu. Upana ulikuwa kiuno chake na ngumi mbili, moja kila upande. Kina kilikuwa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Alikata fito za mkole, ambazo boma halikuzihesabu kuwa miti, akazilowesha mtoni siku tatu, akazimwagia maji ya moto na kuzikunja gotini moja moja mpaka zikawa mbavu. Kila ubavu ulipokutana na ufito mrefu wa ubavuni mwa mtumbwi, alifunga kwa kamba ya ukindu: mizunguko sita, kisha fundo.

Makorani, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akipita kila jioni kumtazama.

"Shemeji, huo mgono ni wa kuvulia nini? Kiboko?"

"Wa kukuvulia wewe ukilewa ukaanguka mtoni."

"Haya. Lakini nimehesabu mafundo, yamefika mia na kitu. Misumari ingemaliza kazi hii kwa siku moja."

Hadhara alikanyaga kiunzi kwa mguu mmoja. Kikalalamika, kikalegea kidogo, alipoondoa mguu kikarudi mahali pake. "Umeona? Mkondo ukija, mgono wangu hujikunja, mkondo ukadhani umeshinda, ukapita zake. Msumari haujui kujikunja, Makorani. Msumari unajua kubishana tu."

Yaani alijua. Hilo mliweke moyoni, maana ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote.

Ngozi alipewa na Galgalo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akichunga karibu na kijiji. Ng'ombe wake wawili walikufa kwenye mafuriko. "Huyu dume," alisema Galgalo akishusha ngozi begani, "aliogopa maji maisha yake yote. Leo, dada, umpeleke akaogelee." Hadhara alizishona zikiwa mbichi, akazivuta juu ya kiunzi, akazipaka nta na mafuta ya kondoo. Zilipokauka, ukizigonga zinalia kama ngoma. Zilinuka pia, majirani walihamisha majiko yao.

Lakini siku alipouingiza majini, mtumbwi ule ulikaa juu ya mto kama jani. Alivuka mpaka ng'ambo, akashika udongo wa shamba lake, akarudi na ndizi moja mdomoni na mbili kiunoni, mkungu wenyewe akauacha ng'ambo huku akicheka. Kesho yake ua wake ulijaa watu wanaotaka kujifunza. Hakutoza mtu chochote, na ngozi Galgalo aliwakusanyia kwa wafugaji wenzake waliopoteza ng'ombe kwenye mafuriko. Alisema tu, kila mtu ajipime mwenyewe na afunge mafundo yake mwenyewe, maana fundo utakaloliamini majini ni lile ulilolikaza kwa mikono yako. Mwezi haukuisha, nyumba kumi na moja zikawa na mitumbwi kumi na mmoja, na mafungu ya mbegu yako tayari. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika tarehe mosi.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja karani wa boma.

Jina lake nalijua, na nyumba ya wanawe naijua, lakini leo hatukai kwa ajili yake. Alikuja na askari mmoja na mfuko wa turubai. Ndani ya mfuko kulikuwa na vibati vya namba, nyundo, na misumari. Aliisoma mitumbwi mmoja mmoja kwa macho, akatafuta kosa la miti asilione. Mwishowe akasema kwamba hana ugomvi na mtu. Chombo chochote cha majini lazima kiwe na namba ya serikali, na namba zenyewe amezileta, tena bure. Kibati kimoja, misumari minne, basi, vukeni.

"Bwana karani," alisema Hadhara, "hapo mbele tutakifunga kwa kamba. Kitaonekana vizuri tu."

"Kamba hufunguliwa. Kesho utakihamishia chombo kingine. Sheria inasema kipigiliwe."

"Sheria imewahi kuuona mtumbwi wa ngozi?"

"Sheria haihitaji kuona, mama. Inahitaji kutiiwa. Hutaki, mitumbwi hii naiandika kuwa haramu na itachomwa hapa hapa."

Kisha Makorani akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, misumari minne tu. Wewe umefunga mafundo mia. Mafundo mia yashindwe na misumari minne? Siku zinakwenda. Usituponze kwa jambo dogo."

Na wengine wakadakia: "Kweli, Hadhara, ni kibati tu. Kidogo kama kiganja."

Hadhara alitazama ng'ambo. Alikuwa amechoka kuwa mtu pekee anayesema hapana. Ndugu zangu, hakuna uchovu unaouma kama huo. Akaichukua nyundo mkononi mwa karani. "Basi nitapigilia mimi. Yeye atatuvunjia."

Akapigilia vibati vyote kumi na kimoja, polepole, kwa huruma, akichagua pale ubavu ulipokutana na ufito, mahali penye unene kidogo. Misumari iliingia bila kelele. Hakuna ngozi iliyochanika wala ubavu ulioonyesha ufa. Karani akaandika kitabuni mwake, akaondoka. Makorani alicheka akapiga kofi kibati chake, namba saba. "Haya, amekufa nani?"

Asubuhi yake walivuka wote pamoja, kila mtu na mfuko wa mbegu kati ya magoti. Karibu na ukingo maji yalikuwa mapole. Walipofika katikati, mkondo ukaishika mitumbwi, nayo ikafanya kama ilivyozoea: ikajikunja. Mafundo yakalegea, yakakaza, yakalegea. Lakini kila mtumbwi ulikuwa na mahali pamoja pasipotaka kujikunja. Hadhara alisikia mlio mdogo mbele yake, kama mtu avunjaye kijiti cha kuwashia moto. Ubavu ukapasuka kuanzia kwenye msumari kwenda chini, ncha yake ikageuka ndani, ikatoboa ngozi. Kabla hajapata la kufanya akasikia mlio mwingine nyuma yake. Na mwingine.

Mitumbwi mitano ilizama siku ile, wa Hadhara ukiwamo. Sita iligeuza ikawahi ukingo wa nyumbani. Hadhara aliushika mtumbwi wake uliojaa maji kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe, mkondo ukamtupa nao mchangani mbali chini. Watatu wengine waliogelea wakafika. Makorani hakuonekana.

Walimpata siku ya tatu, kwenye mizizi ya mkuyu. Karibu naye kulikuwa na kipande cha mtumbwi wake: ufito uliovunjika, mbavu mbili zilizopasuka, ngozi iliyochanika. Na kibati namba saba. Kilikuwa kimekaa imara, misumari yote minne imeshika. Misumari ilikuwa salama kabisa. Kilichovunjika ni kila kitu kilichoizunguka.

Baada ya maziko, wale waliobaki walikuja uani kwa Hadhara. Mjane wa Makorani ndiye aliyeuliza, bila hasira: "Dada, ulijua?"

"Nilijua," Hadhara akasema. "Nilimwambia mwenyewe hapa hapa, mguu wangu ukiwa juu ya kiunzi. Karani hakuwa anajua, yeye alikuwa na kitabu chake tu. Mimi nilijua, na nyundo niliishika mimi." Kisha akasema neno ambalo mpaka leo tunalisema: "Kilichofungwa kwa kamba usikipigie msumari. Hata mmoja. Hata ukiambiwa ni mdogo. Hata anayekuomba akiwa ndugu yako."

Akachukua koleo, akaenda kwenye mitumbwi sita iliyobaki, akang'oa misumari yote ishirini na minne. Kisha akaung'oa na wake misumari, akabadilisha ubavu uliopasuka, akashona kiraka. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Asubuhi walipofika ukingoni, karani alikuwa pale na askari wake.

"Vibati viko wapi?"

Hadhara alifungua shuka yake begani. Shingoni mwake, kwa kamba ya ukindu, vilining'inia vibati viwili, namba moja na namba saba. Nyuma yake watu sita walifanya vivyo hivyo, kila mtu na chake.

"Mtumbwi ndio wenye namba, si wewe!"

"Wanaume wetu mmewavika vipande vya kitambulisho shingoni wakitoka kwenda kazini, mkasema hivyo ndivyo mtu anavyojulikana. Leo nimejivika mwenyewe. Namba inaonekana au haionekani?"

"Na hiyo saba? Saba si yako."

"Saba ni ya shemeji yangu, ambaye aliitii sheria. Shamba lake nalilima mimi. Ukitaka kuipigilia, bwana karani, ipigilie hapa." Akajigonga kifuani.

Karani akamgeukia askari. Askari yule alikuwa mtu wa bara. Kipande chake mwenyewe, kile cha miaka yake ya kibarua, bado alikuwa nacho kifuani ndani ya shati, na mkono wake ulikuwa umekishika bila yeye kujua. Alitazama maji. Hakusogea. Karani akafungua kitabu, akaandika neno moja, "Zimeonekana," akakifunga.

Wakavuka saba. Walilima wakilala mashambani siku zote nne. Tarehe mosi mkaguzi alipopita ng'ambo, alikuta mashamba manane yamepandwa, pamoja na la Makorani. Matatu hayakuwahi; mikono ilikuwa michache na siku zilikwisha. Matatu hayo mnayajua. Ni yale yenye seng'enge, mnayoyazunguka kwa mguu mkienda mnadani, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia mzunguko huo ulianzia wapi.

Vibati viwili vya Hadhara viko nyumbani kwa Mama Komora, vimetundikwa kwa kamba ile ile. Yeye ni mjukuu wa Makorani. Ndiyo maana leo alisimama.

Sasa nirudi kwenu. Kikundi chenu mlikifungaje? Hamkuandikiana. Mlikaa mkakubaliana: leo tunarina kwa huyu, kesho kwa yule, aliyefiwa asamehewe zamu, aliyekosa asemwe asikie. Mwaka wa tatu huu, na ukame umepita juu yenu mkajikunja mkarudi. Mgeni wa leo hakuja na ubaya, huenda hata hajui. Ana karatasi yake tu. Amesema mistari minne midogo: mwenyekiti atateuliwa na ofisi, zamu zitapangwa na ofisi, asiyefika afutwe, na mkishatia sahihi hakuna kubadili. Minne tu, amesema, na mizinga mipya mtapewa bure.

Kaisomeni tena usiku huu, mmoja asome kwa sauti. Na yule mliyemwona leo akitikisa kichwa peke yake pale nyuma, msimwache achoke.

Kilichofungwa kwa kamba usikipigie msumari.