Nani Akalie Kiti cha Mfini?

Vuteni vigoda, na anayetafuna muwa ateme makapi kwanza, maana hadithi hii haitaki kelele. Ina watu wanne tu. Nitawatambulisha mmoja mmoja pamoja na kipaji chake, msije mkasema niliwaficha kitu.

Wa kwanza ni Eero Kallionpää, Mfini. Jina hilo msijaribu kulitamka na chakula mdomoni. Kwao Ufini, kaskazini kabisa mwa dunia, maziwa ya maji huganda hata watu wakaendesha magari juu yake, na huko kwenye barafu ndiko Eero alikoshika usukani kabla hajaota ndevu. Barabara zao za changarawe zina matuta mengi. Dereva wa Kifini akiona tuta hapunguzi mwendo. Hukanyaga mafuta, gari likaruka, likatua, akaendelea na safari yake. Kwa kuruka hivyo Eero akawa bingwa wa dunia, tena si mara moja.

Basi alipokuja kwenye mbio zetu za magari, zile za Safari, mara ya kwanza, akaruka kama kwao. Tuta la kwanza akaruka, watu wakapiga makofi. La pili akaruka, watu wakapiga vigelegele. La tatu akaruka, kumbe ng'ambo ya pili wamelala punda, na punda wa Bonde la Ufa hampishi mtu, awe bingwa wa dunia au muuza mkaa. Eero akawakwepa, akaingia kwenye shimo la ngiri. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekaa juu ya jiwe, ekseli imevunjika, anatazamana na punda.

Mwingine angepanda ndege akatutukane magazetini. Eero alirudi mwaka uliofuata. Safari hii alipunguza mwendo penye kupunguza, akalibembeleza gari penye mawe, akashinda. Watu wa Naivasha walimbeba juu juu mpaka kofia ikampotea. Mimi nilikuwepo, na nawaambieni nilimpenda Mzungu yule kuanzia siku hiyo, kwa sababu alikubali kufundishwa na barabara yetu.

Umri wa kushindana ulipompita, aliacha usukani akawa bosi wa timu. Hakwenda kuifungua Ulaya walikojaa mabosi. Aliifungua hapa, akachagua watu wa hapa. Kipaji chake cha pili kikawa hicho: kumwona mtu kabla mtu huyo hajajiona. Maneno hakuwa nayo. Akikwambia "sawa", ujue amekuhutubia.

Aliyempa usukani ni Tabitha Chelagat, binti wa Elgeyo. Baba yake alikuwa na pikapu ya kubebea maziwa, na Chelagat ndiye aliyeishusha bondeni kila asubuhi, kona juu ya kona, mitungi ikiwa imejaa na isimwagike hata tone. Kipaji chake ni mikono na moyo. Mikono yake haina pupa, na moyo wake hauna breki.

Aliyemketisha kando ya Chelagat ni Daljit Kundi, Kalasinga wa Nakuru, mtu mzima mwenye ndevu za kijivu. Yeye ni msoma njia. Dereva wa mbio hawezi kuona kilicho nyuma ya kona, kwa hiyo mwenzake humsomea maelezo aliyoyaandika kabla ya mbio: kulia kali, kushoto laini, hapa pana jiwe, usikate. Wengi husoma kwa macho. Daljit husoma kwa makalio, samahani wazee, lakini ndivyo mwenyewe asemavyo. Barabara huipokea kupitia kiti, akajua gari limefika wapi hata akifumba macho.

Na fundi mkuu alikuwa Mutinda Kivuva, Mkamba wa Machakos. Huyu ana masikio na vidole. Gari likiwa bado mbali yeye huku ameshajua linaumwa wapi. Ana pia kipaji cha kujisifu, na hicho hakukificha hata siku moja. "Hilo gari," alizoea kusema, "bila mimi ni kabati la bati." Wakamba mliopo hapa msicheke sana, najua tayari mmeshachagua upande.

Sasa sikilizeni lilipoanzia tatizo.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mbio, Mzee Eero aliwakusanya watu wake hemani. Akawaambia anarudi kwao Ufini kesho yake. Mgongo wake umechoka kwa kule kutua kwa miaka yote, na mkewe Liisa amengoja vya kutosha. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema:

"Wenye timu, wale wanaotoa fedha, wanataka nitaje bosi mpya. Nisipotaja, wataleta mtu kutoka Ulaya. Mimi nataka mtu wa hapa. Leo tukishinda, yule aliyetushindisha, yeye ndiye atakalia kiti changu. Nimeahidi."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo ni bingwa tu anayeweza kulifanya. Maisha yake yote, mbio zikiisha, ni yeye aliyepanda juu ya gari, ni yeye aliyeinuliwa kikombe, ni jina lake lililoimbwa. Ukiutazama ushindi ukiwa juu ya gari, unaona una mwenyewe mmoja.

Mbio zikaanza. Mbelgiji mmoja alikuwa ametuzidi kidogo, naye ndiye aliyetutangulia njiani. Mnaijua ile barabara ya udongo wa majivu, ule ambao ukikanyaga unapanda juu na haushuki. Siku hiyo hakukuwa na upepo. Vumbi la Mbelgiji likasimama barabarani kama ukuta, na Chelagat akaingia ndani yake.

"Daljit, sioni kitu!"

"Mimi naona, dada. Kanyaga. Kulia laini. Nyoosha. Nyoosha bado. Sasa kushoto, kali!"

"Una uhakika?"

"Kushoto, nimesema!"

Akakata kushoto, na jiwe kubwa kama ng'ombe likapita ubavuni. Daljit hakuona jiwe wala barabara. Alikuwa amenyamazisha mwili wake wote akasikiliza kiti, akasoma kona baada ya kona bila kukosea hata moja, mpaka wakatoka ng'ambo ya vumbi. Madereva wengine wote walipunguza mwendo mle ndani, na siku yao ikaishia palepale. Gari letu likabaki nyuma ya Mbelgiji, karibu naye kabisa.

Mchana wakaja kambini kwa mafundi. Gari halijafika getini Mutinda akatupa chapati yake. "Giaboksi imekufa," akasema. "Leteni nyingine!" Likafika, na kweli, gia mbili hazikuingia tena.

Sheria ya mbio haina huruma. Mafundi wana muda mfupi, ukiisha gari litoke, lisipotoka ni adhabu. Na giaboksi imekaa karibu na bomba la moshi, ambalo wakati huo lilikuwa bado jekundu. Kila fundi huvaa glavu nene. Mutinda akavaa, akalala chini ya gari, akajaribu kuikamata nati ya mwisho. Glavu ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza.

"Ngojea bomba lipoe," Mzee Eero akamwambia.

"Likipoa tumeshindwa, Mzee."

Akavua glavu. Waliokuwa karibu waligeuza nyuso zao, mimi mmoja wao. Mtu yule alifungua kwa mikono mitupu, akashusha, akapandisha nyingine, akafunga, na hakupiga kelele hata kidogo, yeye ambaye hupiga kelele akipata soda ya baridi. Gari likatoka kwa wakati. Mutinda akatoka chini yake viganja vimebambuka ngozi, akasema, "Kabati la bati limepona," kisha akakaa chini akalia. Hakuna aliyemcheka.

Jioni ikabaki njia ya mwisho. Anga letu lilikuwa kavu, lakini huko juu Kinangop mvua ilikuwa imeshuka, na mvua ya Kinangop huja kutusalimu huku chini bila hodi. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi likajaa maji mekundu. Mbelgiji akalifikia wa kwanza, akajitosa kwa kasi katikati, palipotulia. Maji yakapanda juu ya boneti, injini ikakohoa, ikazimika.

Chelagat akafika, akafunga breki ukingoni.

"Dada, mbona tumesimama?" Daljit akauliza. "Katika maelezo yangu hapa ni pakavu!"

"Maelezo yako hayana kosa. Huu mto haukuwepo ulipoyaandika."

Akatazama maji. Baba yake alimfundisha kule Elgeyo: maji yakikunjamana chini kuna mawe, yakitulia chini kuna shimo. Kushoto, karibu na mwamba, yalikunjamana. Pembeni ya hapo yalikuwa yakianguka kwa kishindo, na ukikosea kidogo gari linakwenda nayo, na watu wake ndani. Msoma njia hakuwa na neno la kumsaidia, wala fundi hakuwepo. Alikuwa peke yake na mikono yake.

"Daljit, kama unataka kushuka, shuka sasa."

"Nishuke nikamwambie nini mke wangu? Twende."

Akaingia polepole, gia ndogo, mguu haupandi wala haushuki, maji yakifanya wimbi mbele ya gari na gari likilifuata wimbi lake. Tairi la nyuma likateleza kuelekea maporomoko. Hakushtuka. Alilirudisha kwa kidole, nadhani, maana hata usukani haukuonekana ukisogea. Wakapanda ng'ambo ya pili, wakampita Mbelgiji aliyekuwa bado anabembeleza injini, wakafika mwisho wakiwa wa kwanza.

Jamani! Ule umati wa siku hiyo! Wamama walitandika khanga zao gari lipite juu. Wimbo wetu wa taifa ukapigwa, na nikawaona Daljit na Chelagat wamesimama juu ya gari, katikati yao Mutinda, mikono imefungwa bandeji, wote watatu wanaimba vibaya na kwa sauti kubwa. Gari lililotengenezwa na watu wetu, likasomewa njia na watu wetu, likaendeshwa na binti yetu, limewaacha wote. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia siku ile.

Mzee Eero alisimama chini, akawatazama kwa muda mrefu. Uso ukaanza kumbadilika. Alikuwa amekumbuka ahadi yake.

Hemani akawaita tena. Simu ya wenye timu ilikuwa imekwisha kupigwa, wanataka jina.

"Nimpe nani?" akawauliza.

Watu wa nje walidhani watagombana, kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Na kila mmoja alikuwa na haja na kiti kile. Daljit umri umemwishia, mwaka ujao mgongo wake hautaisikia tena barabara. Mutinda daktari amemwambia viganja vile huenda visishike spana tena. Chelagat ni kijana, lakini katika nchi nzima hakuna mwanamke aliyewahi kuwa bosi wa timu, na alijua akikosa leo pengine wasichana wanaomfuata watangoja mpaka wazeeke.

Mzee Eero akaona awategee. "Kila mtu ataje jina moja. Lisiwe lake."

Chelagat akasema, "Daljit. Kwenye vumbi mimi nilikuwa kipofu. Aliyekuwa anaendesha ni yeye, mimi nilikopesha mikono tu."

Daljit akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Mimi nimesoma njia, sawa. Lakini gari lisilo na gia utalisomea njia ya wapi? Ni Mutinda."

Wakamgeukia Mutinda. Wote walingoja ajipige kifua. Akatazama bandeji zake, akasema, "Mzee, mimi hujisifu, mnanijua. Lakini hata ningeunguza mikono mpaka kwapani, lile gari halikuvuka maji kwa sababu yangu. Ni Chelagat."

Kura tatu, majina matatu. Mzee Eero akataka kuwaambia wenye timu kiti kikaliwe na wote, wakamjibu kwenye simu kwamba kiti ni kimoja na jina ni moja, kama halipo aseme, wao wana mtu wao Ulaya amekaa tayari na sanduku lake. Bingwa wa dunia akaketi, simu mkononi, machozi yakamlenga. Akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Kuendesha ilikuwa rahisi."

Basi nami nimefika mwisho wa barabara yangu, iliyobaki ni yenu. Msinijibu kwa ushabiki, wala kwa kabila, wala kwa huruma pekee. Ukimpa Daljit, mtazame Mutinda machoni umweleze viganja vyake viliungua kwa ajili ya nani. Ukimpa Mutinda, mwambie Chelagat mto ulivukwa na nani. Ukimpa Chelagat, mwambie Daljit kwenye vumbi macho yalikuwa ya nani. Na ukikaa kimya ukaogopa kuwaudhi wawili, umewanyang'anya wote watatu.

Wenye timu wako kwenye simu, wanasubiri. Je, wewe ungemtaja nani?