Masale Kwenye Birika

Kilimani kwetu hakuna mwenye akili kama mimi, niulizeni mwenyewe. Nilikuwa nimeng'oa masale, mimea ya mpaka kati yangu na mjane Aikande, mfua shaba, nikadai shamba lake ni langu. Wazee wangekuja Jumamosi kuamua.

“Kabla hujahama,” nikamwamuru, “nifulie birika lenye kilima changu chote, niwamiminie wazee kahawa.”

“Nikichore kilivyo, mzee, au nikipambe?”

“Kilivyo! Hata mgomba mmoja usikosekane.”

Jumamosi alilileta linang'aa. Sikukagua michoro, nilikuwa najitazama sura. Nikalinyanyua mbele ya wazee.

“Tazameni! Halina uongo hata chembe. Kilima changu ndicho hiki.”

Mzee Ndetaulwa akavaa miwani. “Na mstari huu wa masale kuzunguka shamba la Aikande?”

Nikamgeukia Aikande.

“Kama nimekosea, mzee, nikosoe,” akasema kwa upole. “Ila umeshawaambia halina uongo.”

Kwetu mkosaji huomba radhi akiwa ameshika jani la sale. Mimi nilikuwa nimeyang'oa yote, kwa hiyo niliomba radhi nikiwa nimekumbatia birika.