Zulia Lililotembezwa Bursa

Bi Batuli, msuka mikeka wa Pate, alifika Bursa kwa Waturuki asubuhi, na basi la kumrudisha bandarini lilikuwa linaondoka alasiri. Akamwomba Tahsin Efendi, tajiri wa mazulia, amtembeze mjini.

"Vichochoro vyetu humeza wageni," alisema Tahsin. "Ukitaka nikutembeze, nilipe bei ya zulia zima."

Bi Batuli akalipapasa zulia jekundu lililoning'inia ukutani. "Basi bora nitazame zulia lenyewe. Ila rangi ya dukani siiamini, mwanangu."

"Twende juani!" Tahsin akalitupia begani.

Walipofika soko la hariri, Bi Batuli alilitazama zulia kidogo na hariri sana. "Hebu tulione kivulini."

Wakakata vichochoro vya wahunzi na waoka mikate, Tahsin akimsimulia habari za kila mlango ili mteja asichoke.

"Na mahali pa kusalia litapendeza?" aliuliza Bi Batuli.

Wakavua viatu, wakaingia msikiti mkuu, ambao birika lake la udhu liko ndani kabisa, chini ya kuba. Hapo Bi Batuli alikaa muda mrefu, akiyatazama maji.

Alasiri walifika kituo cha basi. Tahsin, jasho likimchuruzika, akalitandaza tena zulia. "Haya, mama, unalichukua?"

"Mimi nasuka mikeka, mwanangu, zulia la nini? Nilitaka kuuona mji, na umenionyesha wote." Akapanda basi, akachungulia dirishani. "Urudi taratibu, lakini. Nasikia vichochoro vya hapa humeza watu."