Shauri la Ugawaji wa Zamu za Wawili Wawili katika Ulinzi wa Kisima

Ngano hiyo, inakuja!

Ije, tumeisogezea mkeka!

Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajajua kuahirisha vikao, ukame ulipiga. Kikabaki kisima kimoja. Mzee Tembo akawaweka walinzi watano: Sungura, Kobe, Paa, Kanga na Nungunungu.

"Mtalinda wawili wawili," akasema, "na kila jozi itamegeana kiazi kimoja. Kila mmoja akae zamu na kila mwenziwe. Mliokula pamoja hamtatupana kiangazi hiki."

Sungura akajiteua katibu.

Akaita, "Kobe na Paa!"

Nungunungu akauliza, "Wawili wawili, mimi na nani?"

"Subiri, ndugu. Shauri lako linashughulikiwa."

Akaita, "Paa na Kanga!"

"Wawili wawili, mimi na nani?"

"Shauri lako liko njiani."

Akaita, "Kanga na mimi!"

"Wawili wawili, mimi na nani?"

"Shauri lako limefika, ila wa kulipokea hayupo."

Nungunungu akawa anakula nyuma ya kichuguu. Kila kiazi alichojichimbia alikimega, nusu akaiweka kando kwa ajili ya mgeni. Siafu wakaila.

Mwishowe, baada ya kuita na jozi nyingine, Sungura akatangaza, "Jozi zimekwisha! Watano ukiwatoa wawili wawili, mmoja hubaki. Ndiyo hesabu."

Nungunungu akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona peke yako?"

Nungunungu akang'oa miiba yake mitano, akaichomeka mchangani.

"Huu wa pembeni ni mimi. Hawa wanne ni wenzangu. Kobe amekaa na watatu. Paa, ukimwacha Kobe, amekaa na wawili. Kanga akabaki na Sungura. Hizo sita, kweli zimekwisha. Sasa mimi na Kobe, mimi na Paa, mimi na Kanga, mimi na Sungura. Nne. Jozi ni kumi, Babu. Zilizosahaulika zote zina mimi ndani."

Tembo akaitazama miiba. Akamgeukia katibu.

"Zimekwishaje?"

"Babu, huyu ana miiba!"

"Sikuuliza ana nini. Utaanza wewe."

Basi wenzangu, funzo ni hili: ukiwahesabu watu, usimwite mtu baki kwa sababu tu humtaki ubavuni.

Ngano nimeikunja, mkeka ukunjeni nyinyi.

Na kilichotokea hasa ni hiki: Sungura alikwenda, akakaa mbali kidogo, akapewa nusu ya kiazi, akaila. Hakuna aliyechomwa.