Mkono Ndani ya Kitenge

Ngojeni niwape kisa, na ninyi wazee wa nyuma kule msisinzie, maana kinawahusu.

Kulikuwa na mama mmoja msusi. Kwa kusuka nywele, huyo alikuwa moto! Mabibi harusi walimpangia foleni. Jumapili moja kanisani, wakati wa kupeana mkono wa amani, jirani yake wa kwaya akampa mkono, na wiki ileile walikuwa wamegombana nani asimame mstari wa mbele. Siku ya tatu vidole vya msusi vikavimba. Akiamka asubuhi hawezi hata kufunga kifungo mpaka jua lipande.

"Amenichezea yule," akasema. Mnajua tulivyo wepesi wa kutaja watu, eti? Tangu hapo, amani ikifika, mikono anaificha ndani ya kitenge. Mwaka mzima! Na vidole havikupona ng'o. Wateja wakahamia kwingine, akabaki anaangalia chanuo na kulia, maana ndilo lililokuwa linalisha nyumba ile.

Mwishowe akaenda kwa daktari bingwa wa viungo. Daktari akambinya vifundo vya vidole kimoja kimoja, akampima damu, akamwambia, "Mama, hujarogwa. Mwili wako una askari wa kuulinda na maradhi. Hao ndio wanaokupiga. Wanaona viungo vyako ni adui."

"Askari wangu mwenyewe?"

"Wako mwenyewe."

"Basi waue wote, daktari!"

"Nikiwaua, mafua tu yatakuzika. Tutawatuliza, waache kupiga nyumbani. Dawa ni mara moja kwa wiki, na usiache ukiona nafuu."

Akameza. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, nafuu kidogo. Wa nne, asubuhi moja, akajaribu kukunja ngumi. Ikakunjika! Alipiga vigelegele mpaka mtaa ukadhani kuna harusi.

Na kichwa cha kwanza kukisuka kilikuwa cha nani? Semeni! Alibeba chanuo lake mpaka mlangoni kwa yule jirani. "Dada, nisamehe. Mwaka mzima nimekusingizia wewe, kumbe vita viko ndani yangu. Kaa chini nikusuke." Jirani akakaa, huku analia.

Mnapiga makofi? Haya, pigeni. Sasa nawauliza: tangu Pasaka, kwenye kwaya yetu, sauti ya kwanza haisalimiani na sauti ya pili. Adui yuko wapi hapo? Tunamkemea Shetani kule getini, na humu ndani sisi wenyewe tunavunjana vidole. Jamani, sisi ni mwili mmoja! Na dawa ipo, tena inaponya, na mikono iliyokakamaa humu itasuka tena, nawaambia! Ila si dawa ya kumeza Jumapili moja ukaacha.

Simameni tupeane amani. Mama wa safu ya tatu, nakuona. Toa mkono huo kwenye kitenge.